Mbwa hasemi, lakini anaumia

"Huyo ni mbwa tu bwana, atapona." Sentensi hii nimeisikia kwa watu wasiopungua sita ndani ya wiki mbili, na mmoja wao ni daktari wa mifugo. Ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Kazi yangu ya kila siku ni habari za watu: bajeti ya halmashauri, mgomo wa daladala, kesi za mauaji, mpira. Leo naomba mniruhusu niandike habari ya mbwa. Ukinivumilia hadi mwisho utaona kwamba ni habari ya watu pia.

Ninaye mbwa jike, anaitwa Pipi, ana miezi saba. Niliamua atolewe kizazi kabla hajaanza kupandwa. Sababu zangu hazina ufundi wowote. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi, na jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Hivi wale watoto huwa wanakwenda wapi? Kila anayeishi mtaa kama wangu hapa Dar es Salaam analijua jibu, ila hatupendi kulisema. Madume wawili watatu watapata wenyewe. Majike hawatakiwi na mtu. Wanatiwa kwenye kiroba usiku, wanatupwa jalalani au mtoni. Wakipona wanakuwa mbwa koko, mpaka siku inatangazwa operesheni ya kuwaua. Kwa hiyo upasuaji naunga mkono, na baada ya yote nitakayosimulia bado naunga mkono. Nisieleweke vibaya.

Ugomvi wangu uko kwenye kinachofuata baada ya kisu.

Kabla ya upasuaji nilimuuliza daktari: akizinduka atapewa dawa gani ya maumivu? Akanijibu kwamba sindano ya nusu kaputi inatosha, mbwa hawadeki kama sisi. Nikauliza tena. Akacheka. "Kaka, ninyi waandishi maswali hayawaishi." Jioni nikakabidhiwa mbwa aliyelegea, kidonda kimeshonwa vizuri, sindano ya antibayotiki ameshachomwa. Ya maumivu hakuna.

Saa tatu usiku nusu kaputi ikawa imekwisha kabisa. Pipi hakulia. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunangoja mbwa alie ndipo tuamini kuwa anaumia. Alisimama kwenye kona ya ukuta, mgongo ameupinda kama upinde, anatetemeka. Kila alipojaribu kulala, tumbo lilimvuta, akasimama tena. Alihema haraka haraka kama aliyetoka kukimbia. Nilimpa nyama ya kuku, akainusa, akageuza uso. Nilipopeleka mkono karibu na tumbo alinionyesha meno, kitu ambacho hajawahi kunifanyia toka nimchukue. Mama wa chumba cha pili akachungulia mlangoni. "Mwanangu, mbona katulia tu? Huyo hana neno."

Katulia!

Asubuhi nikampeleka kwa daktari mwingine. Huyu hakuhitaji maelezo mengi. Alimwangalia alivyosimama, akamgusa kidogo pembeni ya kidonda, akamchoma sindano ya meloksikamu na kunipa ya kumeza ya siku tatu. Mchana huo Pipi alilala ubavu, miguu kainyoosha, usingizi wa kweli. Jioni akala. Siku ya nne nilikuwa na kazi nyingine kabisa, ya kumzuia asiruke ukuta. Dawa zote zile bei yake haikufika ya kuku mmoja wa kisasa.

Sasa tuelewane kuhusu upasuaji wenyewe, maana wengi wanadhani ni kama kumchoma mbwa chanjo. Daktari anapasua tumbo chini ya kitovu. Anaingia ndani, anavuta vifuko vya mayai ambavyo vimeshikiliwa na kano karibu na figo, anafunga mishipa ya damu, anakata, kisha anatoa na mfuko wa uzazi. Halafu anashona misuli, nyama na ngozi. Mwanamke akifanyiwa upasuaji wa namna hiyo hospitalini, hakuna daktari wa maana atakayemruhusu kwenda nyumbani siku hiyo hiyo bila dawa ya maumivu. Mishipa ya fahamu ya mbwa inapeleka maumivu kwenye ubongo kwa njia ile ile kama yetu. Ndiyo maana dawa zinazotuliza maumivu ya binadamu, kama mofini, zinamtuliza na yeye.

Tofauti ni kwamba yeye hasemi. Mnyama mwenye maumivu mara nyingi hunyamaza, hujificha, hujikunja. Chuo Kikuu cha Glasgow kilitengeneza kipimo maalumu cha maumivu ya mbwa, na ukikisoma utaona kwamba kulia ni kitu kimoja tu katika orodha. Vingine ni namna anavyosimama, anavyotembea, kama anakitazama au kukilamba kidonda, na anavyofanya ukimgusa. Ni vitu ambavyo mtu yeyote mwenye macho anaweza kuviona, akitaka kuviona.

Najua kuna msomaji hapa ameshaanza kukunja uso. Hospitali zetu zinaishiwa dawa za watu, wewe unalilia mbwa? Swali ni zuri na nalijibu.

Hadi miaka ya 1980, huko Marekani na Uingereza, nchi tunazozisifia kwa utaalamu, watoto wachanga wengi walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na nusu kaputi hafifu tu, bila dawa ya maana ya maumivu. Madaktari waliamini kwamba ubongo wa kichanga haujakomaa kiasi cha kusikia maumivu. Mwaka 1987 jarida la Lancet likachapisha utafiti wa Kanwaljeet Anand na wenzake. Watoto njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipokuwa wakifungwa mshipa ulio karibu na moyo, walipata matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wale ambao hawakupewa. Wale vichanga walikuwa wanaumia siku zote. Hawakuwa na mdomo wa kusema, na waliosimama juu yao walichukua ukimya kuwa ushahidi.

Kwa hiyo huruma haigawanywi kama sukari ya mgawo, kwamba ukimpa mbwa kijiko utampunguzia mtoto. Naona ni kinyume chake. Tumelelewa kwenye "jikaze". Jandoni kijana anaambiwa asilie. Mama aliyejifungua kwa kisu analalamika, nesi anamwambia yeye si wa kwanza. Mzee mwenye saratani anaugulia nyumbani, tunasema ni uzee. Mazoea ya kupima maumivu kwa sauti ya anayeumia yakishakaa kichwani hayachagui mbwa wala mtu. Anayesema "atapona tu" mbele ya mnyama ameshaifanyia mazoezi sentensi hiyo mahali pengine.

Wapo pia wanaosema mbwa ni najisi, hivyo mjadala umekwisha. Lakini masheikh wetu hao hao husimulia Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na kwa tendo hilo akasamehewa. Kutomfuga mbwa ndani ni jambo moja. Kumwacha aumie wakati dawa ipo ni jambo jingine.

Jirani yangu mmoja alipoona hali ya Pipi alisema afadhali asingepasuliwa. Hapana. Jike aliyetolewa kizazi haletewi tena msururu wa madume getini, na hatapata usaha kwenye mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua majike wengi wakizeeka. Halafu kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa asilimia 70 katika eneo, unakata mnyororo wake. Lakini kila wanapozaliwa watoto wasiochanjwa asilimia hiyo inashuka. Kuwapiga risasi hakujaumaliza ugonjwa huu popote. Chanjo ndiyo inayoumaliza, na uzazi ukipungua chanjo inakaa. Sasa mwenye mbwa akishaona mateso ya usiku mmoja kama ule, atamleta wa pili? Atawaambia na wenzake. Yaani kubana senti za dawa ya maumivu kunaua kazi nzima ya afya ya jamii.

Sheria nayo tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008, na inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Mimi si mwanasheria, lakini mateso ambayo yangezuiwa kwa sindano moja sijui yana ulazima gani.

Nina maombi machache. Madaktari wetu wa mifugo, wekeni dawa ya maumivu ndani ya bei ya upasuaji, isiwe kitu cha kuombwa kama chenji. Wenye mbwa, ulizeni kabla hamjalipa: atapewa nini, kwa siku ngapi? Mkijibiwa kwa kicheko, ongezeni nauli mwende kwingine.

Na tafadhali, msifungue kabati la dawa zenu wenyewe. Brufeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Parasetamoli inaua paka. Dawa na kipimo chake atoe daktari, kwa uzito wa mnyama. Mpeni sehemu kavu na safi, mtembezeni kwa kamba tu, asiruke wala asiogeshwe mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14. Mvalisheni ile kola ya plastiki kama faneli asilambe kidonda. Kikivimba sana, kikitoa usaha au kikifumuka, au akikataa kula zaidi ya siku moja, mrudisheni haraka.

Hayo yote hayahitaji mfadhili wala semina ya hotelini. Yanahitaji mtu mmoja tu kukubali kwamba aliyenyamaza si lazima awe mzima.