Jini Alisimama au Lilisimama? Ladha ya Msomaji na Riwaya za Ajabu za Kiswahili

Miongoni mwa maswali ambayo uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umeyaepuka kwa muda mrefu ni swali la ladha. Msomaji anayesema kwamba riwaya fulani imemtisha hata akashindwa kuzima taa, au kwamba nchi fulani ya kubuniwa ilimvutia kiasi cha kutotaka kutoka humo, huhesabiwa kuwa bado hajaanza kazi. Kazi yenyewe, kwa mujibu wa mazoea ya madarasa ya fasihi, ni kufumbua: jini ni ishara ya nini, nchi ya angani ni serikali ipi, mfu aliyerudi anawakilisha tabaka gani. Mazoea hayo yamezaa tahakiki nyingi zenye manufaa. Yamezaa pia wanafunzi wanaoweza kutaja dhamira zote za kitabu ambacho hakijawahi kuwaogofya wala kuwashangaza.

Mfano mzuri ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Kiini chake kimetokana na kisa cha Alfu Lela Ulela ambamo ndugu wawili waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Majina ya wahusika, Adili, Hasidi na Mwivu, yanatangaza fumbo waziwazi, na ndiyo maana mhakiki humaliza shughuli yake upesi: wema hushinda, husuda huangamiza. Lakini aliyekisoma kitabu hicho utotoni aghalabu hakumbuki fundisho hilo kwanza. Anachokumbuka ni manyani wawili wanaopigwa kila usiku, na mwenyeji muungwana anayewapiga huku akilia. Ikibali, mjumbe wa mfalme, anachungulia asielewe, na msomaji anachungulia pamoja naye, asielewe vilevile. Katika maandishi yote ya Shaaban Robert ni vigumu kupata kurasa zinazotisha kuliko hizo, na ni jambo la ajabu kwamba mwandishi huyo hutajwa mara chache sana kuwa bingwa wa kutisha.

Isimu inaweza kusaidia hapa kuliko inavyodhaniwa. Zilinganishwe sentensi mbili: ‘mlango ulifunguliwa’ na ‘mlango ulifunguka’. Ya kwanza, iliyo katika kauli ya kutendwa, hata isipomtaja mtenda huiacha wazi nafasi yake. Msomaji anajua kwamba upo mkono, na mkono huweza kukamatwa. Ya pili, iliyo katika kauli ya kutendeka, haina nafasi hiyo. Hakuna asemaye ‘mlango ulifunguka na Juma’. Mchana sentensi hiyo ni ya kawaida kabisa, kwa kuwa milango hufunguka kwa upepo. Usiku, katika nyumba iliyokwisha kuelezwa kuwa haina mtu, sarufi yenyewe ndiyo inayotisha. Said Ahmed Mohamed alipoiita riwaya yake ya mwaka 2001 Babu Alipofufuka, alitumia kauli hiyohiyo. Kama angeandika ‘Alipofufuliwa’, msomaji angeuliza ni nani aliyemfufua, na akili yake ingeelekea kwenye dini au uganga. Babu anafufuka tu, na mjukuu wake K, pamoja na cheo chake chote, hana wa kumshitakia.

Kauli ya kutendeka ina maana ya pili, nayo ni ya uwezekano: kinacholika ni kile kinachoweza kuliwa. Kwa maana hiyo Shaaban Robert aliunda Kusadikika (1951) na Kufikirika, iliyochapishwa baada ya kifo chake. Kiambishi ku- katika majina hayo ni cha kitenzi-jina, lakini sikio la Mswahili husikia humo pia ku- ya mahali, kama ile ya kuzimu. Nchi hizo, basi, ni tendo na mahali kwa wakati mmoja. Inafaa mhakiki aionje raha hiyo kabla hajaeleza Kusadikika ni koloni gani.

Upatanisho wa kisarufi nao una nafasi yake katika kutisha. ‘Jini alisimama mlangoni’ na ‘jini lilisimama mlangoni’ si habari moja. Sarufi sanifu hupendelea a-, kwa kuwa jini huhesabiwa kuwa kiumbe mwenye uhai. Masimulizi ya mdomo hayafungwi na kanuni hiyo: li- hulikuza jini, hulinyima nafsi, hulisogeza upande wa vitu. Jini aliye mlangoni anaweza kusemezwa, kufukiziwa ubani, hata kuposwa. Jini lililo mlangoni halisemezeki. Mhariri anayeusawazisha upatanisho wa namna hiyo kwa nia njema ya usanifu anaweza kuuharibu ukurasa mzima asijue alichoharibu.

Ipo hoja nyingine inayolifanya suala la ladha liwe zito zaidi, nayo ni imani. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliifunga fantasia katika kusitasita: msomaji hana hakika kama tukio linaelezeka kwa sheria za maumbile au la. Nadharia hiyo ina nguvu, ila inamdhania msomaji wa aina moja. Katika Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung’ong’o (1977), kijana Gusto anarithishwa uchawi na baba yake. Kwenye dawati moja wanaweza kuketi wanafunzi wawili, mmoja akiisoma riwaya hiyo kama kisa cha kubuni cha kutisha, jirani yake akiisoma kama habari za kijiji cha mjomba wake. Huyo wa pili hasiti hata kidogo, na pengine ndiye anayeogopa zaidi. Je, kitabu hicho ni fantasia au ni uhalisia? Jibu haliwezi kupatikana bila kumwuliza msomaji, na msomaji ndiye asiyeulizwa.

Kwa upande wa bunilizi ya kisayansi, Walenisi ya Katama Mkangi (1995) inastahili sifa kwa kumrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, hadi nchi ambayo jina lake likikatwa husomeka ‘wale ni sisi’. Safari hiyo inasisimua. Baada ya kutua, hata hivyo, wenyeji wanaueleza mfumo wao wa haki kwa urefu mno, na mpenzi wa utanzu huu, ambaye angependa kujua zaidi jinsi chombo kile kinavyoruka, huanza kuhesabu kurasa zilizobaki. Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002) haina ugonjwa huo. Maovu ya historia yanampita msimulizi kwa kasi ya jinamizi. Ama Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, zimesifiwa sana kwa falsafa yake. Mpenzi wa vitabu vya kutisha angezisifu kwa ukimya wake, na huenda angekuwa karibu zaidi na kitabu.

Itasemwa kwamba fumbo lilikuwa ngao. Shaaban Robert aliandika Kusadikika chini ya utawala wa kikoloni, na Mkangi aliwekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986. Si haki kumdai mwandishi wa namna hiyo maelezo ya mitambo. Hoja hii ni ya kweli, na hakuna anayependekeza mafumbo yaachwe. Kinachodaiwa ni kwamba ngao isichukuliwe kuwa ndiyo shujaa mzima. Kijana anayetaka kutishwa humwendea Stephen King kwa Kiingereza, au filamu, kisha hurudi kwenye Kiswahili kufanya mtihani. Kama hakuna aliyemwonyesha kwamba lugha yake inaweza kufungua mlango bila mkono, mgawanyo huo utaendelea.

Zoezi dogo lingeweza kujaribiwa katika muhula wowote. Wanafunzi wapewe kurasa za usiku wa manyani, waulizwe ni sentensi ipi iliyowasitishia pumzi na ni kiambishi gani kilichofanya kazi hiyo. Dhamira zingengoja juma la pili.