Kufunga Mshipi wa Kuvulia Chini

Mtu avuaye kwa mshipi kando ya Bandari ya Kale, Mombasa, hushindana na mwamba kabla ya kushindana na samaki. Kisiwa chenyewe ni cha matumbawe. Chubwi ikinasa katika ufa, asiyejua kufunga huvuta hata mshipi ukakatika, na ndoana, chambo na pima kadhaa za nailoni zikapotea. Pengine na kiganja kimechanika.

Ajuaye hupiga kitanzi mwisho wa mshipi, akaunga chubwi hapo kwa uzi wa pamba wa shibiri moja, ulio dhaifu kuliko mshipi. Shibiri mbili juu ya kitanzi hufunga kigwe kifupi chenye ndoana, kisifikie chubwi kikasokotana nayo. Kila fundo hulowanishwa kabla ya kukazwa, kwani nailoni kavu hupata moto ikisuguana, ikadhoofika. Jambo hili vijana hulidharau sana. Chambo ni kipande cha ngisi.

Chubwi ikinasa, hukatika ule uzi tu. Ndoana hurudi, na kama changu ameshika, hurudi naye. Siku za maji mafu chubwi ndogo yatosha. Wakati wa bamvu mkondo huikokota, na heri kungoja maji yasimame.