Dawa ya Kahawa ni Sumu



Sisi makarani huandika daftarini "dawa ya kahawa", na mkulima wa Itaka huipokea bila hofu, kama apokeavyo kwinini. Lakini dawa huponya, hii huua. Klorpirifosi na jamaa zake, zipulizwazo kuua wadudu wa mibuni, hupenya ngozi hata pasipo jeraha, zikaleta jasho jingi, kizunguzungu na kubanwa pumzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri ampe mtumishi mavazi ya kujikinga. Mkulima apulizaye shamba lake mwenyewe hana mwajiri. Mlinzi wake ni karani wa ghala. Basi yatupasa kuandika "sumu", kumsomea maandishi ya kopo, wala tusimpimie kamwe katika chupa ya soda. Kalamu yetu na iseme kweli.