SINEMA ZA WAZEE WETU ZIJE MERU NA EMBU



Sisi wafanyi kazi wa reli tuliozaliwa Meru na Embu twauliza neno moja. Picha za sinema zinazosema kweli juu ya wazee wetu, mbona sisi ndio wa mwisho kuziona?

Mkoloni hakuwa mvivu hivyo. Gari lake la sinema lilifika mpaka sokoni, shuka ikatundikwa, watu wakaonyeshwa bure jinsi Mwafrika mjinga anavyougua na msikivu anavyopona. Mwaka 1955 Waingereza wakatoa hadithi ya kutunga, Simba, ambamo Mau Mau ni washenzi wa panga tu. Ardhi iliyochukuliwa? Hiyo haikuwashughulisha sana.

Twajua yaliyoachwa nje. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walitengwa na wengine. Maelfu walipelekwa Manyani na Mackinnon Road, na huko ni juu ya njia ya reli, ndugu zangu, reli yetu hii. Wengine waliishia kambi za Mwea, wakati ule ni wilaya ya Embu, wakachimba mifereji ya mpunga. Sisi twala pishori ya Mwea na kuisifu harufu yake. Waliochimba walifungwa bila kesi.

Mwaka 2002 BBC ilitoa Kenya: White Terror, wazee wakasema wenyewe walivyoteswa. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikiri Bungeni kuwa watu waliteswa, ikakubali kutoa paundi milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa wadai 5,228. Hatusemi sinema ndiyo iliyoleta hayo. Wazee na mawakili wao ndio waliosimama. Lakini mzee aliyesikiwa mara moja hanyamazishwi kwa urahisi tena. Na mwaka 2023 Zippy Kimundu na Meena Nanji walitoa Our Land, Our Freedom, juu ya Evelyn Wanjugu Kimathi atafutaye mahali alipozikwa baba yake, Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Wako wasemao mambo ya kale yaachwe. Hao tuwaulize: amri ya 1950 ya kuwapiga Mau Mau marufuku ilikaa mpaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Nani basi aliyeyashikilia ya kale?

Nasi twanung'unika jambo jingine. Mau Mau ikitajwa, yafikiriwa Nyeri na Murang'a tu. Musa Mwariama wa Meru, aliyetoka msituni 1963 na watu wake, hatajwi. Mmeru akitajwa ni miraa na hasira. Mwembu hatajwi hata kwa ubaya! Watengeneza sinema, hata walio wema, wakiishia penye hoteli nzuri watayarudia makosa haya.

Basi twataka Halmashauri iwaandikie wenye filamu hizo, iombe ruhusa ya kuzionyesha Meru na Embu bila kiingilio, na maneno yafasiriwe papo hapo. Wazee waliokuwa kambini wakae mbele, nao waulizwe kama picha imesema sawa.

Reli haifiki Meru wala Embu. Mashine tutaishusha Nanyuki na Sagana, tukodi matatu. Shuka tunayo.

Katibu, barua hii isilale mezani. Wazee waliobaki ni wachache.