Staa Katema Waini Italia, Mnacheka Nini?

Wiki hii mitandao imechafuka kisa staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva (jina kapuni). Kaposti klipu akiwa Toscana, Italia, anaonja waini kisha anaitema kwenye ndoo. Basi komenti zikamiminika: "mshamba huyo", "hela imekosa kazi", wengine wakampa na mimba kabisa.

Mimi kwa hilo niko upande wake. Waonjaji wenyewe wanatema. Ukionja aina nane na zote ukameza, ya mwisho utaisifia kwa sababu tu umeshalewa. Unanusa, unaizungusha mdomoni, unatema. Mwenye waini wala hakasiriki.

Alipochemka ni hapa: gauni tumeliona, viatu tumeviona, lakini jina la familia iliyompokea hakulitaja hata mara moja.

Kule familia ndiyo habari yenyewe. Ukoo wa Antinori wa Firenze uko kwenye waini tangu 1385, na mpaka leo kampuni ni yao. Gaja wa Barbaresco walianza 1859, na sasa hivi watoto wa Angelo Gaja wako kazini. Hao wakubwa hawahitaji posti ya mtu. Ila kuna familia ndogo kibao ambazo hazina hela ya matangazo, zinategemea mgeni aonje, apende, akawaambie wenzake.

Na kazi yao siyo ya mchezo. Chukua Brunello di Montalcino: sheria inataka zabibu za Sangiovese tupu, na waini ya mavuno ya 2019 iliruhusiwa kuuzwa kuanzia Januari 2024. Miaka yote hiyo watu wanalipa vibarua, wanatunza mapipa, wanasubiri. Halafu anakuja mwenye wafuasi kibao, anaonja bidhaa yao, anaandika "vaibu tu". Jamani!

Na sisi tusijifanye wajanja. Ukishika chupa ya Italia, geuza usome kibandiko. Tafuta neno "imbottigliato", yaani imejazwa kwenye chupa. Hapo karibu utakuta jina la aliyeijaza. Hiyo haihitaji nauli ya ndege.

Dada staa, tema kwa raha zako. Ila ukirudi tena, tutajie wenyeji wako.

Haya wadau, nimekosea wapi? Tiririka hapo chini.