Mvumilivu Hula Mbivu, na Leo Anakula Nini?

Kijana akiacha gereji kabla hajawa fundi, akikatiza chuo, au akifunga genge aliloanza kwa mtaji wa mama yake, hukumu yake huwa imeshatoka kabla hajajieleza: hana subira. Shangazi atasema hivyo, mchungaji na ustadhi watasema hivyo, na mtoa nasaha wa redioni atapigilia msumari: mvumilivu hula mbivu. Hakuna anayeuliza mvumilivu huyo anakula nini wakati ndizi bado ni mbichi.

Kinachofichwa na nasaha hiyo ni dhana kwamba subira ni tabia ya kuzaliwa nayo: aliyejaliwa amejaliwa, na asiye nayo ni mlegevu. Dhana hiyo ina pacha wake, kwamba anayefundishwa aamini kwanza, dalili ataziona baadaye. Milima ya Uluguru, huko Morogoro, iliwahi kulipia dhana hizi mbili kwa damu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi ya Uluguru. Tatizo lilikuwa la kweli. Mvua zilikuwa zikisomba udongo wa miteremko hadi mitoni. Tiba iliyochaguliwa ilikuwa matuta ya ngazi, na wananchi wakatakiwa kutoa siku zao kuyachimba, watake wasitake, faini ikimsubiri mkaidi. Lakini mwenye jembe aliona jambo ambalo mwenye ramani hakuliona. Sehemu nyingi za milima hiyo zina tabaka jembamba tu la udongo wenye rutuba. Ukikata ngazi, udongo huo unafukiwa, na juu unabaki ule wa chini usio na nguvu. Mtu anavunjika mgongo msimu mzima, halafu mahindi yanadumaa mbele ya macho yake. Mwaka unaofuata anaambiwa aendelee.

Julai 1955, huko Matombo, uvumilivu ulikwisha. Watu walijitokeza kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. TANU, chama kilichokuwa na mwaka mmoja tu tangu kizaliwe, kikapata masikio ya watu huko milimani.

Ni rahisi kumwita Mluguru wa 1955 mbishi asiyejua kungoja. Basi anayesema hivyo apandishwe Mgeta, katika milima hiyohiyo. Huko wakulima walikuwa na ngazi zao wenyewe, bila bwana shamba. Mkulima hulaza majani na magugu kwa mstari kukata mteremko, kisha huvuta udongo wa juu yake kuyafunika. Majani yanaoza, yanakuwa mbolea, na shamba lenyewe linageuka ngazi ndogondogo. Kazi hiyo hurudiwa msimu kwa msimu. Watu wa namna hiyo hawakukosa subira hata kidogo. Walichokosa ni sababu ya kuliamini tuta la serikali.

Miaka 50 hivi baadaye, kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yalipeleka mpango mwingine upande wa Kibungo, kwenye vyanzo vya Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Safari hii wakulima waliohifadhi mashamba yao walilipwa, na miongoni mwa waliochangia fedha ni shirika la maji la DAWASCO na kampuni ya soda ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima waliamua wenyewe kuingia, wakachimba makinga maji na matuta ya ngazi, wakapanda miti. Milima ni ileile, na ngazi zilizochimbwa ni binamu wa zile za mkoloni. Haiwezekani kwamba Waluguru walizaliwa upya na subira ndani ya nusu karne. Kilichobadilika ni kwamba aliyetoa jasho aliona kitu mkononi kabla ya mavuno, na aliweza kukataa.

Ushahidi mwingine unatembea kwa miguu minne chini ya milima hiyohiyo, mjini Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu 2000 wanuse mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mafunzo huchukua kama miezi tisa au zaidi. Mwanafunzi ni mnyama mwenye uzito wa kilo moja hivi, na hajui kwamba siku moja ataitwa shujaa. Basi anapataje moyo wa kuendelea? Kifaa kidogo kinalia "tik", anapata ndizi. Akinusa panapotakiwa, tik, ndizi. Hatua ya leo ni ndogo kiasi kwamba anaiweza, na ya kesho ni ngumu kidogo kuliko ya leo. Panya Magawa, aliyezaliwa Tanzania 2013 na kupelekwa Kambodia 2016, alipata nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Hadi anastaafu alikuwa amegundua mabomu 71 ya ardhini. Panya tunampa ndizi kila hatua. Mtoto wa binadamu tunampa methali.

Mtu atasema hii ni kuwadekeza vijana, na kwamba kizazi cha mikeka kinataka utajiri kabla ya Jumapili. Ni kweli kubeti si subira, na ni kweli pia kwamba zipo nyakati mtu hukua bila kuona matunda yoyote, huku akiumia na kushuku kila kitu. Lakini mtazame mkulima wa karafuu wa upande wa mashariki ya Uluguru. Mkarafuu unaweza kuchukua miaka sita hadi minane kabla ya kutoa mavuno ya maana. Hata hivyo mkulima hakai chini ya mche akisali. Katikati ya miche anapanda migomba. Inaipa miche kivuli, na inampa yeye kitu cha kupika na cha kupeleka gulioni. Karafuu anaingoja kwa sababu ndizi zipo.

Gereji nyingi hazina mgomba. Kijana anaingia asubuhi, anaosha spana kwa petroli, anatumwa chai, anashika tochi wakati fundi akikaza nati, na mwaka unapita bila hata boliti moja kuachiwa mikononi mwake. Akiuliza, anaambiwa avumilie. Siku akiondoka, mtaa mzima unamcheka, na fundi aliyekula jasho lake bure anabaki kuwa mzee wa busara.

Kwa hiyo, shangazi, kabla hujamwita kijana huyo mlegevu, pita kwanza gerejini. Muulize fundi ni lini atamwachia injini aifungue peke yake, na mwambie akutajie tarehe.