Bima ya gari ikiwa lazima, fidia nayo iwe lazima

Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi kati yao ni la watembea kwa miguu. Anayeuliza kama ni haki dereva kulazimishwa kukata bima aanze na hao. Bima inayodaiwa na Sura ya 405 ya sheria zetu hailindi gari lako. Ukiligonga kwenye mti, shauri yako. Ni ya kumlipa mama uliyemgonga akivuka barabara, ambaye hakukuchagua wewe wala kampuni yako, na ambaye hata ukiuza shamba huenda usimalize gharama ya matibabu yake na riziki aliyopoteza. Hoja kwamba mtu mzima aachwe aamue mwenyewe ingekuwa na uzito kama hatari ingekuwa yake peke yake. Waingereza waliliona hilo walipotunga sheria yao mwaka 1930, na sisi tukairithi fikra hiyo pamoja na mengine ya ukoloni.

Sina ugomvi, basi, na ulazima wenyewe. Ugomvi wangu ni kuhusu yanayomkuta dereva baada ya kutii. Serikali inayomtuma askari wa trafiki akague bima yako ina wajibu wa kuhakikisha kwamba ulichouziwa kipo kweli. Kenya National Assurance, kampuni ya bima ya serikali yenyewe, ilianguka mwaka 1996. United, iliyokatia bima matatu nyingi, ikashindwa 2005. Blue Shield ikawekwa chini ya msimamizi 2011, na Invesco ikafilisiwa 2024. Chukua mwenye matatu moja tu, aliyelipa ada na stika yake ni halali. Dereva wake anamgonga mtu, kesi inaahirishwa mwaka baada ya mwaka, na siku hukumu inapotoka kampuni imeshafungwa. Deni halifungwi nayo. Mdaiwa kwenye hukumu ni mwenye gari, na wakili wa mdai akikosa pa kushika kwingine humtuma dalali akalikamate gari hilo. Kufikia hapo, aliyetii sheria hana tofauti na aliyeendesha miaka yote bila bima, isipokuwa mwenzake hakupoteza pesa za ada.

Tutaambiwa ipo hazina ya kuwafidia wateja wa kampuni zilizofilisika. Ipo, ila kikomo chake kimekuwa Sh250,000 kwa kila mdai, ilhali Sura ya 405 inaitaka bima igharamie hadi Sh3 milioni kwa kila aliyeumizwa au kuuawa. Pengo la Sh2.75 milioni linabaki mabegani mwa mwenye gari, au mwa majeruhi akichoka kudai.

Kampuni nazo zina malalamiko yao, na si ya kupuuzwa. Madai bandia yapo: matatu ya abiria 14 inapata ajali, kisha wanajitokeza majeruhi zaidi ya hao. Lakini ulaghai huo hauelezi kila anguko. Soko la matatu limejaa kampuni zinazogombea wateja kwa ada ambayo zenyewe zinajua haitoshi, zikilipa madai ya jana kwa pesa za leo. Hesabu zao hufika mezani kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima kila mwaka. Kampuni isiyolipa hukumu za mahakama izuiwe kuuza bima mpya siku hiyo hiyo, isingojewe hadi izikwe.

Wengine wanapendekeza tuige Afrika Kusini, ambako tozo ya mafuta ndiyo inayogharamia fidia za ajali. Wazo hilo lina mvuto, kwani hakuna gari linalokwepa kituo cha mafuta. Hata hivyo, hazina ya huko imezama kwenye madeni ya mabilioni ya randi, na hapa tayari tunakatwa Sh25 kwa kila lita kwa ajili ya ukarabati wa barabara. Isitoshe, dereva wa teksi mwangalifu anayezunguka mjini kutwa angelipa zaidi kuliko mlevi anayetoa gari wikendi tu. Hata kwenye mfumo wa sasa, anayelalamika kwamba analipia uzembe wa wengine ana haki: ada ya bima hii ya lazima hutazama zaidi aina ya gari kuliko rekodi ya anayeliendesha, na hilo linaweza kurekebishwa bila kufuta ulazima.

La kwanza kabisa ni kukipandisha kikomo cha hazina ya fidia kifike Sh3 milioni, kiwiane na dhima ambayo sheria imeiweka. Itagharimu, na sehemu ya gharama itaangukia wenye magari. Kwa sasa mteja hukatwa asilimia 0.25 ya ada yake kwa ajili ya hazina hiyo, na kampuni huchangia kiasi kama hicho. Kwenye ada ya Sh10,000, mchango wa dereva ni Sh25, sawa na tozo ya ukarabati wa barabara kwenye lita moja ya mafuta. Hata ukiongezwa mara nne, nitautetea mbele ya dereva yeyote, mradi fidia ilipwe.